Ndugu Yetu Aliyesomea Muungano wa Ulaya

Baba na mama walikufa Unguja mwaka wa mapinduzi. Tulifika Maskati mayatima watatu: mimi, dada mkubwa, niliyeacha shule ili niwalee wenzangu, ndugu yangu wa kiume, na mdogo wetu wa kike. Tukapata chumba Sidab, kando ya mji, nikawa nadarizi kofia.

Ndugu yangu alitaka elimu, na Maskati ya wakati ule haikuwa na pa kuipata. Akatoka bila ruhusa ya serikali, akafika chuo kikuu Ulaya. Wasafiri walituletea habari zake. Profesa wake, miaka ya nyuma, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotakiwa na mawaziri watafute njia ya kuziunganisha nchi zilizokwisha kuuana vitani. Walitafiti, wakasema zianze na makaa na chuma, ziuziane bila ushuru. Zikizoea kushauriana sokoni, zitazoea kushauriana katika kutawala. Ndugu yangu naye akawa anauendeleza utafiti huo. Mimi nilikuwa nikiwauliza wasafiri kama anakula.

Mdogo wetu alipoposwa, mwenye haki ya kumwozesha alikuwa ndugu yangu, mwanamume pekee aliyebaki kwetu. Kadhi alikubali atoe uwakala, yaani amruhusu mwingine aozeshe badala yake, ila mashahidi wawili wausikie kinywani mwake. Ndugu yangu akaona bora aje mwenyewe. Meli ilipotia nanga, askari wakamkataza kushuka: aliyetoka bila ruhusa harudi.

Jirani yetu mwenye mashua akanichukua pamoja na wanawe wawili, wawe mashahidi. Tukasimama chini ya meli. Ndugu yangu aliinama juu ya ukingo, koti limempwaya, mashavu yameingia ndani.

"Hao maprofesa wako," jirani akapaza sauti, "wanafungua mipaka ya Ulaya nzima, huu wetu umewashinda?"

"Huu hawajaulizwa, ami!"

"Basi na waulizwe upesi, mikono inaniuma kwa makasia!"

Wakacheka. Kisha ndugu yangu akakohoa, akasema polepole, "Ami, nimekupa uwakala umwozeshe ndugu yangu."

"Nimeukubali."

Vijana wakasema wamesikia. Askari akatupungia mkono tuondoke.

"Dada," ndugu yangu akaita, "mwambie nilifika."

"Ntamwambia, baba. Kula!"

Ndoa ilifungwa alasiri, meli imekwisha ondoka. Nilipoingia ndani kwa bibi harusi, hakuniuliza habari za kadhi wala mahari.

"Amenenepa?"

"Amenenepa," nikamwambia, nikamfunika ushungi.