Kaka Aliyebaki Unguja

Siku ile Majid bin Humud hakuweza kukaa kitako. Aliimwagilia mitende ya uani, akaimwagilia tena, akaosha gari lililokuwa safi, kisha akaenda kusimama getini kwake, mtaa wa Mawaleh, Maskati, akiitazama barabara kama mtu anayengoja watoza kodi. Mwanawe Hatem, aliyeomba ruhusa kazini ili awepo, alimfuata na kofia mkononi.

"Baba, vaa hii. Ndege yenyewe bado iko hewani. Ukiendelea kusimama juani tutakupeleka wewe hospitali badala ya kumpokea ami."

"Ami! Kaka yangu hujamwona hata siku moja, tayari ami."

"Sasa nimwite nani?"

"Mwite mtu aliyempakia babu yako kwenye lori," Majid akasema, akaichukua kofia bila kuivaa.

Hatem akarudi kivulini. Kisa cha lori alikisikia tangu utotoni, hadi ikawa kama ni yeye aliyekuwa amejificha nyuma ya magunia ya mchele siku ile.

Mzee Humud, baba yake Majid, Mwarabu wa asili ya Oman, alikuwa na duka Mkokotoni, kaskazini ya Unguja. Mkewe alikuwa Mtumbatu. Zama zile za siasa, kabla Waingereza hawajaondoka, watu wa Unguja waligawika vibaya kuliko walivyowahi kugawika. Kulikuwa na chama cha Hizbu, upande wa Sultani, kulikuwa na Afro-Shirazi, na katikati yao kulikuwa na chama kidogo cha ZPPP ambacho Mzee Humud alikipenda kwa moyo wote, kwa sababu alidhani ndicho kitakachowapatanisha wengine. Hakikumpatanisha mtu. Kilipoungana na Hizbu, viti vyao kwa pamoja vikatosha kuunda serikali, Sultani akiwa juu yao, ingawa kura nyingi zilikuwa za Afro. Watu wakaacha kusalimiana. Wakaacha kuzikana. Kila chama kikawa na baraza lake la kahawa, na mtu akionekana kashika finjani kwenye baraza la wenzake, basi huyo keshauza chama.

Yaqdhan, mtoto mkubwa wa Mzee Humud, alikuwa Afro. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole nyumbani, moto mkutanini. Alimwambia baba yake mbele ya wateja: "Muungano wenu huu ni wizi uliovaa kanzu." Mzee Humud alimfukuza hapohapo dukani.

Mwezi mmoja tu baada ya uhuru, watu wenye silaha walizivamia ghala za bunduki za polisi, Sultani akakimbilia baharini, na serikali ya muungano ikaanguka hata kabla watu hawajazoea majina ya mawaziri wake. Siku chache baadaye lori lilisimama mbele ya duka. Majid alikuwa na miaka kumi na minne. Kutoka nyuma ya magunia alimwona kaka yake, bunduki begani, akimshika baba yao mkono, akimpandisha. Lori likaondoka kuelekea mjini. Mzee Humud hakuonekana tena.

Maisha yote ya Majid yalijengwa juu ya siku ile. Walitoka Unguja na mama yao na dada mdogo, Sayyida, wakapita Mombasa, wakapita Dubai, hatimaye Maskati, wakati Oman inawaita watu wake warudi. Majid aliendesha gari la maji, kisha akawa mlinda ghala katika kiwanda kimoja cha Rusayl mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kila harusi, kila msiba, kila penye watu wa Unguja, alikuwa na swali lake moja: "Hukupata kumsikia Humud wa Mkokotoni?" Vijana walimkwepa. Safari moja aliambiwa yuko mzee Qurayyat, hana kumbukumbu, aliletwa na jahazi zamani, jina lake Humud. Majid aliendesha gari bila kusimama njia nzima. Kumbe alikuwa Humud mwingine, na huyo naye akamshika mkono akimwita mwanawe.

Mama yao aliishi Maskati hadi uzee wake, naye hakukaa eda hata siku moja. "Mume wangu hajafa," alisema. "Hakuna aliyeniletea khabari." Alizikwa akiwa mke wa mtu. Msiba wa Mzee Humud haukukaliwa, kwa sababu nani akae msiba wa mtu asiyejulikana kama kafa?

Na mtu pekee aliyejua alikuwa Yaqdhan. Majid aliapa hatamuuliza, kwa kuwa kumuuliza ni kukaa naye. Bi Sayyida ndiye aliyekuwa akienda Unguja kutembea, na ndiye aliyerudi na maneno: "Kaka Yaqdhan anataka kuja. Macho yanamwisha. Nimemwambia aje." Majid alipofungua mdomo, dada yake alimkata kauli. "Utanifukuza na mimi? Nifukuze. Atafikia hapa kwako, wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Muulize, Majid, mimi kila nikienda ulimi unakataa. Sisi sote tunakwenda. Muulize kabla hajafa na jibu lake."

Walifika baada ya alasiri. Bi Sayyida alitangulia, akamshusha garini mzee mrefu, mkavu, kanzu yake imepigwa pasi vibaya, fimbo mkononi. Majid alikuwa amejitayarisha kumwona mtu wa bunduki. Aliyemwona alikuwa na pua ya baba yake.

"Assalamu alaykum," mzee akasema, uso wake umeelekea kidogo pembeni ya Majid.

"Wa alaykum salaam. Karibu ndani."

Hawakushikana mikono. Bi Sayyida aliguna, akapita kwenda jikoni.

Majilisi, sebule ya wageni, ilikuwa na mazulia mekundu na mito ya kuegemea. Hatem alileta halwa, kisha akashika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, akammiminia mgeni kwanza. Yaqdhan alipokea. Akaiweka finjani chini, mbele ya goti lake. Halwa pia hakuigusa.

Majid alikunywa yake. Hatem akakaa. Waliulizana hali ya safari. Waliulizana joto. Walimaliza joto, wakaingia mvua za Unguja, nazo zikaisha. Finjani ilikuwa palepale, mvuke wake umekatika.

Hatem alimwinamia baba yake, akanong'ona kwa Kiarabu, "Ana haja. Mwambie anywe, haja yake imekubaliwa."

Majid aliijua desturi. Mgeni akiiweka kahawa chini bila kuinywa, anaomba jambo kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akimwambia kunywa, basi kampa, hata kabla hajasikia ni nini. Aliona jambo lenyewe wazi kabisa. Mtu huyu kaja kuomba aambiwe kasamehewa, akafe vizuri. Kaja kwa njia ambayo hata kulisema hahitaji. Akisema kunywa, kamsamehe. Akinyamaza, kamfukuza mgeni kwa kiu, mbele ya mwanawe, na jibu analolitaka litarudi Unguja pamoja na fimbo ile.

"Haja yako naijua," Majid alisema mwisho, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mie pia nna yangu, na yangu ni ya zamani zaidi. Kaburi la baba liko wapi?"

Yaqdhan aligeuza uso. "Haja gani? Mie sijaja kuomba kitu."

"Usinifanye mtoto. Kwa nini hunywi?"

"Sinywi tu."

"Hunywi tu!" Majid alisimama. Desturi ya Maskati ikamtoka kichwani, na mahali pake pakaingia mabaraza ya Mkokotoni. "Kumbe ndiyo ile! Mpaka leo, yakhe! Sultani kaondoka, vyama vimekufa, waliokuwa wakivipigania wamekufa, na wewe bado kahawa ya Hizbu huigusi!"

"Baba..." Hatem akaanza.

"Nyamaza wewe! Mtu kaja nyumbani kwangu kunisusia!"

Bi Sayyida alikuwa keshafika mlangoni, kitambaa cha jikoni mkononi. Yaqdhan hakusimama. Alisubiri kelele ziishe, kama mtu aliyezoea mikutano.

"Umemaliza? Sasa nisikilize, Majid, maana wewe siku ile ulikuwa na kamasi. Hizbu sikuwapenda na sitawapenda. Muungano ule ulikuwa dhuluma, na leo ukinirudisha Mkokotoni nitasema vilevile. Lakini baba alinifukuza dukani kwa maneno. Alisema, usionje chakula wala maji katika nyumba yangu mpaka mimi mwenyewe nikuruhusu. Umesikia? Yeye mwenyewe. Na hii ndiyo nyumba yake, hana nyingine. Wewe mwanawe ndiye uliyeishika. Sasa nataka uniambie, ataniruhusu vipi?"

Majid akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo kafa," alisema.

"Kafa? Ulidhani yuko wapi?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Yaqdhan ilipasuka. "Hukuambiwa? Sayyida! Hamkuambiwa?"

"Na nani?" Bi Sayyida akasema. "Nani alikuwa wa kutuambia, kaka?"

"Nilimtuma mtu Mombasa. Mlikuwa Mombasa bado. Nilimtuma Kombo wa Mtambwe, akaniapia kamwambia mama."

Kombo hawakumwona. Huenda aliogopa, huenda alifika mlangoni na kumwona mama akimtengenezea mumewe nguo za kuvaa siku atakayorudi, akageuka. Yaqdhan alikuwa ameishi umri mzima akiamini ndugu zake wanajua, na kwamba kimya chao ndiyo hukumu yao.

"Nambie," Majid akasema.

"Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba huko shamba, watu nisiowajua, wamelewa ushindi. Nilisema mjini ana usalama, atakuwa ndani ya uzio, watu wanahesabiwa. Nikampandisha mwenyewe ili asipandishwe na wengine. Njiani hakuniangalia. Siku ya pili nilimpelekea mkate, nikaambiwa hayupo. Nilimfuata mpaka nikampata, nje ya mji, yeye na wenzake, hawajafukiwa vizuri. Sikuwa na sanda. Nilivua shati. Nilimlaza kibla kwa mikono hii, nikamsalia peke yangu."

"Pako wapi?"

"Pana barabara sasa, na nyumba. Nilipokuwa na macho nilikuwa napita. Siwezi kukuonyesha kaburi, Majid. Halipo."

Majid aliteremka taratibu mpaka akakaa juu ya zulia. Miaka yote alidhani akipewa jibu atajua la kufanya na huyu mtu, ama kumkumbatia ama kumtoa nje. Sasa alikuwa nalo, wala hakujua.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sikukuomba."

Ndipo Bi Sayyida alipolia. Hakulia kwa kujizuia, kama wazee wanavyolia mambo ya zamani. Alipiga ukelele wa mtoto wa kike aliyeletewa khabari sasa hivi, "Baba yanguu!", akaanguka mlangoni, na Hatem akakimbia kumshika. Mayowe yalivuka ukuta. Haikupita muda geti likagongwa. Alikuwa jirani, Abu Rawan, kanzu ameivaa harakaharaka, mkewe nyuma yake na shela kichwani.

Majid alikwenda kufungua mwenyewe.

"Kheri, Abu Hatem? Tumesikia kilio. Nani?"

"Baba," Majid akasema. "Baba yangu amefariki."

Abu Rawan alimtazama, mzee wa miaka sabini na sita mwenye ndevu nyeupe tupu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea Mungu amkuzie malipo yake. Kisha, kwa kuwa ndivyo watu wanavyouliza, akauliza: "Lini?"

Majid aligeuka. Yaqdhan alikuwa amejikokota na fimbo yake mpaka ukumbini, amesimama, macho yake mabovu yanatafuta sauti ilikotoka.

"Leo," Majid akajibu, akasogea pembeni ya mlango ili jirani apite akampe mkono na kaka yake.