Simu Isiyojua Kusita

Shangazi yangu alitenga kipande kimoja cha shamba la viazi, nje kidogo ya Njombe, kwa ajili ya mbegu. Viazi hivyo vikioza, msimu unaofuata hana cha kupanda. Mwaka huo ukungu ulikaa mpaka adhuhuri na mashamba ya jirani yakaanza kunuka uozo. Niliogopa, nami si mtu wa kuogopa hovyo.

Mimi ni fundi simu Makambako. Nilikuwa na mtandao wa neva bandia, yaani programu iliyojifunza kutambua jani gonjwa kwa picha, lakini ulikuwa mzito mno kwa simu ya shangazi. Nikaupunguza. Namba zake za ndani, zenye desimali ndefu kama treni ya mizigo, nikazigeuza zote kuwa mbili tu: moja chanya au moja hasi. Nikauweka kwenye simu yake, ikabaki kujumlisha na kutoa tu, bila intaneti, bila kupata moto. Nilijisifu kweli. Kitu kimoja kilinikera: ule mkubwa ukikwama ulisema hauna uhakika. Huu mdogo haukusita kamwe.

Kila nilipompigia, shangazi alifurahi. "Majani mazima, mwanangu. Simu imesema." Majirani walipiga dawa; yeye aliwacheka.

Moyo haukutulia, nikapanda gari. Nilimkuta shambani asubuhi, umande bado mzito.

"Kamwene, mwanangu! Ngoja nikuonyeshe."

Akachuma jani. Kabla ya kulipiga picha akalifuta kwa pindo la kitenge, juu na chini, taratibu.

"Shangazi, unafuta nini?"

"Huu unga mweupe. Utapigaje picha na uso mchafu?"

Kwetu hakuna anayesimama mbele ya kamera kabla ya kunawa na kupaka mafuta. Na ule unga ndio ugonjwa wenyewe. Simu ikasema: jani zima.

Nilitamani kuitupa. Nikachuma jani lingine, nikalipiga bila kulifuta. Gonjwa. La shina la pili, gonjwa. Shangazi akainama, akafukua kwa mkono. Kiazi kikabonyea vidoleni mwake, maji ya kahawia yakamtiririkia.

Akachukua lile jani langu, akalifuta, akalifuta tena, akalipiga picha.

"Sasa imesema zima," akaniambia, akinisogezea simu. "Tazama, mwanangu. Imesema zima."