Kinyonga na Mrashi wa Bi Mwanatumu

Bi Mwanatumu si mtu wa kufuga. Paka wote wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale wamepita mlangoni pake na hakuna aliyepata hata mwiba wa samaki. Kwa hivyo nilipomsikia akizungumza na mtu chumbani, nami najua fika kwamba anaishi peke yake, nilitoa kichwa dirishani nikachungulia. Uchochoro wetu ni mwembamba na madirisha yetu yanatazamana. Mimi nikikaanga vitunguu, yeye ndiye anayepiga chafya. Nikaona anayezungumza naye ni kinyonga.

Aliletwa na maua. Bi Mwanatumu ni mfunga vikuba, vile vishada vidogo vya asumini, vilua na rehani ambavyo wanawake hubandika kifuani wakienda harusini. Kazi hiyo aliirithi kwa mamake. Maua akiletewa na Sidi, Mgiriama wa upande wa Kilifi, aliyekuwa akishuka matatu pale Mwembe Tayari asubuhi na mzigo kichwani. Siku hiyo fungu la rehani lilipofunguliwa sakafuni, tawi moja likaanza kutembea.

"Bi, huyo mimi simgusi," Sidi akasema, naye amekwisha fika mlangoni. "Kwetu huyo si wa kuchezewa. Mtupe nje."

"Nje wapi? Hapa nje ni saruji tupu. Muwate, mwanangu. Yuwatazama tu."

Na kweli alikuwa akitazama. Kama hujapata kumwona kinyonga kwa karibu, jicho lake limefunikwa ngozi pande zote, likaachwa kitundu kidogo katikati, na kila jicho huzunguka kivyake bila kumwuliza mwenzake. Bi Mwanatumu alimweka kwenye chungu cha mwasumini pale dirishani. Akawa yeye akienda jikoni, jicho moja linamfuata jikoni. Akirudi, linarudi naye. Jicho jingine lilipenda kukaa mlangoni.

"Nawe wamngoja nani?" nilimsikia akimwuliza siku moja. "Yule hayi mpaka Idi, na Idi yenyewe sijui ni ipi."

Yule ni Nabiha, bintiye wa pekee, aliyeolewa Maskati. Hupiga simu Ijumaa baada ya sala. Picha hukwama, mama na mwana wakabaki wanaitana, "Wanisikia? Wanisikia?" mpaka mtandao ukate. Mume wa Bi Mwanatumu alikufa zamani. Sitafuni maneno: nyumba ile ilikuwa ikiniuma kuitazama. Mtu anaweza kutoka asubuhi akarudi jioni asipate hata wa kumwuliza ulikuwa wapi. Ndiyo maana kinyonga akawa mtu.

Zamani haikuwa hivyo. Hakukuwa na harusi ya maana katika mtaa huu iliyofanywa bila Bi Mwanatumu. Vikuba ni vyake, na wageni wakisha kula, yeye ndiye aliyepita katikati yao na mrashi wa fedha wa mamake, ile chupa yenye shingo nyembamba, akinyunyiza marashi mawaridi. Mgeni hukinga viganja, hunyunyiziwa, akajipaka usoni, akatabasamu. Anazunguka ukumbi mzima hivyo. Sasa harusi zimehamia kwenye kumbi za kukodi, maua ni ya plastiki yanayofunguliwa kwenye katoni, na harufu inapulizwa kutoka kwenye mkebe. Hakuna aliyemtusi Bi Mwanatumu wala kugombana naye. Waliacha tu kumwita, na kwa maoni yangu afadhali wangemtusi. Mwishowe akamwambia Sidi asilete maua mpaka apelekewe salamu. Salamu hazijapelekwa hadi leo.

Haikupita muda mrefu kinyonga akaanza kufumba macho.

"Ndoo umtazame," Bi Mwanatumu aliniita kutoka dirishani kwake, adhuhuri moja ya joto. "Yuwalala mtana. Na mato yamemuingia ndani."

Nikavuka. Macho yake, yaliyokuwa yametuna, yalikuwa yametumbukia kama tundu za vifungo. Ngozi imekunjamana ubavuni. Chini ya chungu kulikuwa na bakuli la maji, na si bakuli lolote. Lilikuwa lile la kaure ambalo hata mimi sijapata kulishwa ndani yake.

"Maji hanywi?"

"Hayatazami. Yuwapita kando yake kama apitaye jiwe."

"Labda amechoka. Mwache alale, Bi."

"Halali huyu," akasema, na sauti yake ikanitisha. "Mimi namjua. Nikiingia hakuna jito ligeukalo. Hii nyumba, hakuna tena anionaye nikiingia."

Nilirudi kwangu nikakaa na vitunguu vyangu. Angekuwa ananung'unika ningemtania, lakini alikuwa anasema kweli tupu.

Basi akafanya ambalo kila mwana wa Mji wa Kale angelifanya. Sisi tumelelewa hivyo: jicho likikuwasha, mamako anakulaza pajani na kukutia tone la marashi mawaridi. Bi Mwanatumu akatoa mrashi kabatini. Ulikuwa na marashi yaliyobaki tangu harusi ya Nabiha, ambayo alikuwa hataki kuyamaliza. Akamtia kinyonga tone jicho hili, tone jicho lile, na bismillahi juu yake.

Kinyonga alibadilika akawa mweusi kama mkaa. Akaanza kujisugua kichwa kwenye tawi, huku na huku. Kufikia alasiri macho yote mawili yalikuwa yamevimba, na la kushoto limegandamana kwa utando mweupe. Bi Mwanatumu alivuka uchochoro akiwa hana hata kanga kichwani, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaketi kitandani pangu akalia.

"Nimemuua kwa mkono wangu. Kwa marashi ya mwanangu."

Nikampigia simu daktari mmoja wa wanyama kule Tononoka. Kazi yake hasa ni mbuzi na paka, na aliposikia kinyonga alicheka kwanza. Nilipomweleza habari ya marashi akaacha kucheka.

"Msimtie kitu tena," akasema. "Macho yakizama hivyo, mara nyingi ni kiu. Huyo bakuli halijui. Kwao maji hukaa juu ya majani. Akiona tone linang'aa, hapo ndipo hulamba. Nyunyizeni majani maji safi, vuguvugu, taratibu, mara kwa mara. Acheni ya kumfikia kichwani yamfikie, atajisafisha mwenyewe. Lakini lile la kushoto siwaahidi."

Nikamweleza Bi Mwanatumu neno kwa neno. Aliangalia mikono yake.

"Basi alikuwa yuwanwa mayi ya maua yangu," akasema.

Kila alasiri, miaka na miaka, alikuwa akichovya vidole majini na kuyanyunyizia maua yasinyauke kabla wateja hawajafika, na chungu cha mwasumini kilipata sehemu yake. Alipoacha kununua maua, akaacha kunyunyiza. Angenyunyizia nini? Kinyonga naye akabaki palepale juu ya majani makavu, mbele yake bakuli la kaure, akikauka.

Tulijaribu kwa vidole. Mkono wake siku hizi unatetemeka. Matone yakamwangukia mnyama kwa kishindo, akajikunja. Nikamwambia nitamnunulia ile chupa ya kupuliza wanayotumia wasusi.

"Mgeni wangu mimi hanyunyiziwi kwa chupa ya saluni," akajibu. Nikajua yuko hai.

Akamimina marashi ya harusi ya Nabiha karoni, yote. Akausuuza mrashi kwa maji ya moto na ndimu, akanusa, akausuuza tena, mpaka harufu ikakoma. Kisha akaujaza maji ya kunywa yaliyopoa, akasimama mbele ya mwasumini, akautikisa kwa mkono uleule wa harusini. Matone yakashuka madogo madogo. Moja likakaa kwenye ncha ya jani, likang'aa. Kinyonga hakuliona, kwa kuwa haoni. Akautikisa tena, na tena, matone yakimshukia kichwani na kumtiririkia hadi mdomoni. Mwisho mdomo ukafunguka kidogo, ukafunga, ukafunguka. Alikuwa anakunywa. Bi Mwanatumu aliendelea kunyunyiza mpaka bega likamshinda, nami nikashika kiwiko chake nisimwambie apumzike.

Amefanya hivyo kila siku tangu hapo, asubuhi na alasiri. Huvaa buibui lake jema, sijui kwa nini, sijamwuliza. Akimaliza, hukinga kiganja chake mwenyewe, hujitilia matone yaliyobaki na kujipaka usoni, kwani katika miaka yote ile ya kuzunguka kumbi hakuna aliyewahi kumnyunyizia yeye. Kisha hunusa mkono wake kwa mazoea.

Ngozi ya kinyonga imejaa tena. Jicho la kushoto halikufunguka, na sidhani litafunguka. La kulia lilifunguka jana, nami nilikuwa dirishani kwangu. Kitundu kile kidogo kikatikisika, kikazunguka dari, kikashuka ukutani, kikatua mlangoni. Kikakaa hapo. Zamani aliweza kumtazama Bi Mwanatumu na mlango kwa pamoja; sasa ana jicho moja tu. Bi Mwanatumu akageuka naye akautazama mlango, na mrashi mkononi, na mimi nikajikuta nautazama. Hakuna aliyeingia.

Jicho likauacha mlango pole pole, likaja mpaka usoni pake, likasimama.

"Ni mimi tu," Bi Mwanatumu akamwambia.