Tansiyo ya Upande wa Baba

Baba yetu alianguka shambani Musienene akipanda viazi, upande mmoja wa mwili ukamkatalia, na hakuona mavuno ya viazi vile. Sisi tulisema kazi ilimchosha. Kwa hiyo daktari wa Butembo aliponifunga mkanda mkononi, akapima, akapima tena, kisha akauliza nani mwingine kwetu ana tansiyo, yaani shinikizo la damu, nilimjibu hakuna. Hakuna aliyewahi kupimwa.

"Bandugu zako bapimwe bote," akasema. "Hii inapitaka mu damu ya familia."

Jumapili nikafunga cherehani yangu Bulengera, nikapanda pikipiki hadi kwa mama, Musienene, na mashini ya kupimia niliyoazima kwa jirani muuguzi. Nilimkuta mama, kaka yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, na shangazi, dada ya baba. Nikawaeleza maneno ya daktari. Mama kusikia neno familia akaweka mwiko chini.

"Familia gani? Kwetu hakuna mutu alikufaka na tansiyo. Kwetu batu banakufaka na uzee."

"Wifi," shangazi akasema, "unataka kusema ni sisi tulileta ugonjwa?"

"Sisemi kitu. Minauliza tu: bwana yangu alikuwa wa kwetu ama wa kwenu?"

Yaya alicheka. Ni mwembamba kama mpini wa jembe, na hupandisha magunia ya maharagwe mlimani bila kuhema. "Tansiyo ni ya banene. Muanze na shangazi, mashini ipasuke!"

Shangazi ni mnene kweli, na mboga ya sombe, majani ya mihogo, huitia chumvi kabla hajaionja. Tuliuvuta mkanda watu wawili ndipo ukafunga. Tansiyo yake ilikuwa ya msichana. Akacheza kuzunguka sufuria. Ya mama nayo ilikuwa nzuri. Ya yaya ikapanda, ikapanda. Nikamkalisha, nikabadili mkono. Ileile.

"Hii mashini iko na uongo," akasema. "Hata mbuzi utasema ni mugonjwa."

"Pima mbuzi, tuone!" shangazi akapiga makofi.

Yaya akamfunga mbuzi mkanda mguuni. Mkanda ulipoanza kubana, mbuzi aliruka, akapita katikati ya maharagwe, mashini ikimfuata nyuma kama mtoto anayeburuzwa shule. Yaya alimkamata karibu na barabara. Akarudi anahema, akakaa, akaangalia lile shamba alikoanguka baba.

"Papa naye alikuwaka mwembamba," akasema.

Tulimpeleka Butembo. Mama na shangazi walikuja pia, kusikiliza hukumu.

"Haiko kitu moja," daktari akaeleza. "Ni vitu vingi vidogo-vidogo, na kila mutoto anachota fungu yake kwa baba na kwa mama. Batoto ba nyumba moja habachote sawasawa. Hata chumvi inaumiza huyu kuliko yule."

"Donc, ni upande gani?" mama akauliza.

"Zote mbili."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mawifi hao wawili walikubaliana: yule daktari alikuwa bado mtoto.

Vidonge vilivyonifaa mimi vilimkohoza yaya mpaka kuku wakamkimbia. Daktari akambadilishia, na tansiyo ikashuka. Sasa anakunywa kila asubuhi. Akiulizwa na watu, anasema ni vitamini.