Shangazi Kwenye Beseni

Mtaani walimwita Mama Pindo kwa sababu ya cherehani yake. Suruali ndefu, sketi iliyochanika, pazia linaloburuta chini, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini raha yake hasa ilikuwa uani, asubuhi, anapofungua banda la kuku. Aliyempenda kuliko wote alikuwa tetea mwekundu mwenye shingo ndefu, anayetembea kwa maringo kama mtu aliyekuja kukagua nyumba za jamaa zake. Ndiyo maana akamwita Shangazi.

Asubuhi moja wenzake wakakimbilia pumba, Shangazi akabaki kwenye kona. Amesimama wima, mkia umelegea, macho nusu yamefumba. Kila mara alijikamua kama anayetaka kutaga, kisha hola. Mama Pindo akampapasa tumboni. Yai lilikuwepo, gumu, limekwama.

Mama mkwe wake, aliyekuwa akifagia, akaegemea ufagio. "Mwanangu, huyo mtie kisu angali hai. Akijifia tumekosa kuku, tumekosa na kitoweo."

"Mama, nipe nafasi kidogo tu."

Akampigia simu bwana mifugo. Yule bwana alikuwa safarini, lakini alimweleza bila kumzungusha: amkalishe kwenye maji ya vuguvugu, ampake mafuta kwenye tundu la kutagia, na asithubutu kulibonyeza yai, maana likipasukia ndani kuku amekwisha. Kisha akauliza kama siku za karibuni alitaga yai lenye ganda laini. Mama Pindo akakumbuka lile la juzi, lililobonyea kama ngozi.

"Basi amepungukiwa chokaa ya kujengea ganda," bwana mifugo akasema. "Mwokoe kwanza, hayo mengine baadaye."

Maji yakachemshwa, yakapozwa, yakamiminwa kwenye beseni la kufulia. Shangazi hakutaka kabisa. Alipiga mbawa, maji yakaruka mpaka dirishani. Hapo ndipo hodi ikabishwa. Alikuwa bibi harusi, ndoa yake kesho, amekuja kujaribu gauni.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Pindo akamwambia, kuku kwapani, mafuta mpaka viwikoni. "Nina mzazi ameshikwa na uchungu hapa."

Binti akachungulia, akavua viatu, akakunja mikono ya blauzi. "Nimshike wapi, fundi?"

Akamshika mabawa kwa viganja viwili, taratibu, huku akimnong'oneza maneno ya kubembeleza mtoto. Joto la maji likamwingia Shangazi. Shingo ikalegea, macho yakafumba, akatulia kama bibi anayesukwa nywele. Mama Pindo akampaka mafuta, akaongeza maji ya moto kila yalipopoa. Hata mama mkwe aliuacha ufagio, akaja kuinama juu ya beseni, akisema yeye anaangalia tu.

Ghafla Shangazi akakaza mwili. Akajikamua mara moja, akapumzika.

"Linaonekana," bibi harusi akasema.

"Usimbane. Mwache asukume mwenyewe."

"Sukuma, mama," mama mkwe akadakia, amesahau habari za kisu. "Sukuma, mwanamke, sote tumepita huko."

Akasukuma. Yai likateleza, likatua majini bila kishindo, refu, lenye mikwaruzo. Shangazi akapiga mbawa kwa nguvu zake zote, akamwogesha mama mkwe kuanzia kitambaa cha kichwa. Wanawake watatu wakashikana mikono iliyolowa, wakicheka huku machozi yanawatoka.

Wakamfuta kwa taulo, wakamweka ndani ya boksi penye giza na utulivu. Kabla ya adhuhuri alikuwa anakunywa maji. Bibi harusi akajaribu gauni lake, likamkaa sawasawa, akaondoka nalo, ingawa nywele zilinukia banda.

Mama mkwe hakungoja kuambiwa. Aliyakusanya maganda ya mayai jikoni, akayaosha, akayaanika, akayatwanga na kuyachanganya kwenye pumba. Mtu akimuuliza, anajibu kwamba hiyo ni dawa ya wazazi.

Keshokutwa yake simu ya Mama Pindo ikalia mapema. Bibi harusi, siku ya kwanza nyumbani kwa mumewe, hata salamu hakumaliza.

"Fundi, Shangazi ameamkaje?"

"Yuko uani," Mama Pindo akajibu, "anawasukuma wenzake kwenye chakula."