Nilichuja rubisi ya posa mpaka ikang'aa, mdogo wangu akakosa mke

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijakitia chumvi, na ningetamani kingekuwa cha mtu mwingine.

Mimi ni kifungua mimba kwetu, kijijini Kamuli. Wazazi walifariki nikiwa darasa la sita, nikaacha shule nilee wadogo zangu. Kwa hiyo mdogo wangu Deo alipotaka kuoa, baba wa kupeleka posa nilikuwa mimi.

Posa huku haiendi bila rubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama. Ni nzito, ya kahawia, kama maji ya mfereji baada ya mvua. Ndivyo ilivyo.

Sasa wale wakwe walikuwa wafanyabiashara pale Isingiro, asili yao Muleba. Nikawaza, hawa wamezoea bia za chupa, wakiona tope letu watatudharau.

Nikaichuja kwa kitambaa cheupe. Mara tatu. Ikang'aa kama chai ya rangi. Wakuu, nilijisifu!

Tena nikaacha kibuyu cha kunywea nyumbani, nikaibeba kwenye dumu pamoja na glasi ili waione vizuri.

Tulipofika na Deo nikawamiminia, baba wa binti akainua glasi kuelekea dirishani.

"Kijana, naona vidole vyangu upande wa pili. Rubisi gani inaonyesha vidole?"

Shangazi wa binti akadakia, "Labda hii wameibatiza!"

Wakacheka. Kuongeza maji kwenye pombe ya posa ni tusi. Nikaapa sijaweka hata tone, nikamsihi mzee aonje.

"Nionje nini? Nimeshaona."

Akaiweka chini. Hakuna aliyeonja.

Njiani, tukirudi na posa yetu, Deo alifungua dumu, akapiga funda moja, akakohoa. "Kaka, mbona ni kali hivi?"

Nikatengeneza nyingine, nzito kama ya marehemu baba, nikamtuma mshenga atuombee siku nyingine. Akarudi na jibu: anayetia maji kwenye pombe atatia maji hata kwenye neno lake.

Binti kaolewa Nyakatuntu.

Nilichojifunza: mtu hunywa kwa macho kwanza. Mimi niliionea aibu rangi ya kwetu, kumbe wao ndiyo waliyokuwa wanaingojea.

Deo hajanilaumu hata siku moja. Tukikutana anasema "Shikamoo kaka", naitikia "Marahaba", tunaishia hapo.

Wenye uzoefu, nimwambie nini? Andikeni hapa, hata mkinisema nitasoma.