Kiangazi Nilichochagua Kemia

Siku hizi msichana akiniuliza kama asome masomo magumu ya sayansi wakati wa likizo ya joto, ili apate kuingia udaktari mapema, humjibu kwa ukali kuliko inavyofaa. "Kwanza uliza nyumbani kwenu ni nani mgonjwa," humwambia. Wengine huniona nina kiburi. Na wanione hivyo hivyo.

Mwaka ule nilikuwa katika chuo kimoja hapa Dubai, nikisoma masomo ya kutayarishia udaktari. Tulikaa Satwa, mimi na mama na baba, chumba na sebule juu ya gereji. Baba alikuwa akishona kanzu katika duka la watu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Mama alifanya kazi ya nyumba Al Warqa, kwa madam mmoja ambaye joto likianza tu huwakusanya watoto wake akakimbilia nchi za baridi, akamwachia mama ufunguo awe akifuta vumbi na kumwagilia miti. Madam akiwa na tabia nzuri mwaka huo, humkatia mama tikiti ya kwenda Mombasa kumwona mamake. Mwaka ule tabia ilikuwa nzuri na tikiti ilitoka.

Huyo mamake mama ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walitangulia kuja huku, nikabaki na nyanya mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Alikuwa na miguu inayovimba na kifua kibovu, na kila jioni alikuwa akiniwekea mguu mapajani na kusema, "Haya, daktari wa bure, fanya kazi." Nikimkanda vibaya hunipiga kofi la bega. Ninavyokumbuka mimi, udaktari wangu ulianzia hapo.

Basi tulikuwa tumepanga kwenda sote, mimi na mama. Nilikuwa nimekwisha kumnunulia nyanya viatu vya raba, vipana, vya miguu iliyovimba. Halafu mshauri wa masomo akaniita ofisini. Akaniambia ninahitaji kemia ya kaboni na fizikia kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, la sivyo ombi langu la udaktari lingengoja mwaka mzima. Masomo hayo yangesomeshwa kiangazi. Muhula mzima utabanwa katika wiki chache, alisema, asubuhi darasani na mchana maabara, na hakuna ruhusa ya kukosa. "Kama una safari, usijiandikishe," akamaliza, na akanipa mpaka Jumapili nifikirie.

Nilifika nyumbani nimenuna. Baba alisikiliza, akaweka kikombe chini. "Mshika mbili moja humponyoka," alisema. "Chagua moja, lakini usije ukamlaumu mtu." Nikamgeukia mama, aliyekuwa akimenya ndizi mbichi.

"Mama, sema basi."

"Sisemi. Nikikwambia twende, nitakuwa nimekukatia riziki yako. Nikikwambia kaa, nitakuwa nimekutenga na nyanyako. Mimi sisemi."

Nilikasirika mno. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilitaka mtu mzima mmoja tu anipe amri nimlaumu baadaye. Nikasema maneno, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nikawa nahesabu hasara: nikienda, mwaka umepotea, nikikaa, na jambo likatokea... hapo nilikuwa sithubutu kumaliza sentensi. Nikajiambia nyanya ni mgonjwa tangu nimemjua, na wagonjwa wa namna hiyo huwazika wazima.

Jumamosi nikampigia simu. Binti wa mjomba wangu, anayekaa naye, alimshikia simu sikioni. Nikamweleza.

"Hayo masomo yatakwisha lini?"

"Kabla ya mwezi wa tisa, nyanya."

"Ah, kumbe ni karibu! Soma, mjukuu wangu. Mimi nina safari ya wapi?"

"Na miguu?"

"Miguu inakungoja wewe. Wengine hawajui kukanda, wananifinya tu kama unga wa mahamri."

Tukacheka sote, akakohoa, tukangoja amalize kukohoa, tukacheka tena. Jumapili nikajiandikisha. Nilipomwambia mama, aliniangalia kidogo, akasema, "Basi nami sendi peke yangu. Ukimaliza tutakwenda sote, inshallah. Tikiti itangoja. Nani atakupikia?" Nikavitia vile viatu chini ya kitanda.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge, nami niliyaoga mpaka nikakauka midomo. Kituo cha basi kilikuwa moto kama tanuri la mkate. Darasani tulijenga molekuli kwa vijiti na vipira vya plastiki. Wenzangu waligeuza vyao wakaelewa, mimi nikageuza changu nikaona vipira. Jaribio la kwanza nilianguka, nikalia chooni, nikanawa, nikarudi maabara. Kila Ijumaa nilikuwa nikimrekodia nyanya ujumbe wa sauti. Nilimweleza kila kitu, hata fizikia. Naye alikuwa akinijibu kwa sauti yake, "Mola akufungulie," na kikohozi nyuma yake.

Halafu akaacha kujibu mwenyewe. Binti wa mjomba akawa anaandika: koo limemshika, amelala, amesikia na anakuombea. Niliona ujumbe wangu umesikilizwa, nikaridhika. Sikuwa na nafasi ya kutoridhika.

Siku hizo mama alianza kurudi kutoka Al Warqa macho mekundu, yamevimba. Nikamuuliza. Akasema ni dawa ya kusafishia vyoo, kule kwa madam vyoo ni vingi. Nami siku hiyo nilikuwa nimepata alama nzuri ya kwanza, basi nikamweka kitako. Nikamwambia, mama, ile dawa ya kung'arisha ukiichanganya na ile ya kutoa ukoga inatoa gesi ya sumu. Nikamchorea molekuli yake nyuma ya karatasi ya maswali. Nikamgombeza, nikamwambia afungue madirisha, avae barakoa, asichanganye vitu asivyovijua.

Wengine nao walikuwa wema kwangu kupita kawaida. Mlinzi wa jengo letu, Mkenya mwenzetu wa bara, alinifungulia mlango na kuniambia, "Jikaze, dada. Maliza kwanza." Bi mmoja wa Kizanzibari wa ghorofa ya chini yetu aliniletea wali wa nazi, akanishika shavu, akashuka zake. Nilidhani jengo zima linaniombea nifaulu kemia. Nilijiona mtu mkubwa!

Siku ya mtihani wa mwisho nilitoka nacheka. Nilijua nimefaulu. Nilipanda ngazi mbio, nikafungua mlango nikasema kwa sauti, "Yalla, mama, toa hiyo tikiti, tunakwenda!"

Baba alikuwa nyumbani saa ya kazi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, leso kichwani.

"Nani?" nikauliza.

"Nyanyako," baba akasema. "Ametangulia mbele ya haki."

"Leo?"

Nikauliza tena, ndipo baba akasema ilikuwa kabla ya nusu ya masomo yangu. Nilipiga kelele mpaka gereji chini wakaacha kugonga. Nilitupa mkoba. "Na ujumbe wangu? Nani alikuwa akiusikiliza ujumbe wangu?" Ni binti wa mjomba, baba alisema, aliusikiliza ili nisishuku. "Nani kawapa ruhusa ya kunifanya mjinga?"

"Yeye mwenyewe," mama akasema. "Alipozidiwa alisema mtoto asiambiwe mpaka amalize. Alituapisha. Khalas."

Nikalia pale sakafuni, nalia kwa uchungu na kwa hasira, sijui kipi kilitangulia. Ilichukua muda mpaka nikainua uso nikamwona mama. Nilikuwa nikimlilia nyanya yangu. Sikuwa nimekumbuka kwamba ni mamake mama. Yeye ndiye bintiye wa pekee. Na kwetu, mama akifa, bintiye ndiye wa kwanza kuitwa chumbani kumuosha.

"Nani alimuosha?"

"Majirani. Na binti wa mjomba wako."

"Na wewe ulikuwa na tikiti! Madam hayupo! Mbona hukwenda, mama?"

"Ningekwenda," alisema, "ungeniuliza nani kafa."

Baba akatoka nje. Mimi na mama tukabaki kwenye mkeka. Nikamuuliza matanga yake alikaa wapi, maana humu ndani sikuwahi kumwona akidondosha chozi.

"Kule kwa madam. Nyumba ilikuwa tupu. Bi wa chini alikuja na wenzake wawili, tukamsomea khitma jikoni. Siku nyingine nilikuwa peke yangu. Nikilia nikimaliza, nafuta vumbi, narudi kukupikia."

Ndipo nikakumbuka yale macho, na ile karatasi niliyomchorea. Nilimweleza habari ya gesi kwa kirefu siku ile, huku namnyooshea kidole, naye akanisikiliza mpaka mwisho. Aliikunja ile karatasi akaitia kifuani, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Nitafungua madirisha."